Vitabu vya mwaka wa kwanza wa udaktari wa mifugo: nunua vichache, nunua vinavyomjua ng'ombe

Majina ya waliochaguliwa vyuo yakishatoka, simu huanza kuita. Kijana wa Magu, binti wa Ukerewe, mzazi wa Kisesa, wote wanauliza jambo moja: "Daktari, tununue vitabu gani?" Wengi wanakwenda Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Wapo pia wanaokwenda Makerere, Kampala, au Nairobi.

Jibu ninalowapa ni hili: msinunue kitabu hata kimoja mkiwa Mwanza. Mwanafunzi afike chuoni, akae wiki mbili tatu, kisha anunue kitabu kimoja cha anatomia kinachomweleza ng'ombe kwa kina na, fedha ikiruhusu, kimoja cha fiziolojia. Vilivyobaki ataazima, atavisomea maktaba au atachangia na wenzake. Mzazi anauza mtamba mwenye mimba ili mtoto aondoke na katoni ya vitabu, halafu nusu ya katoni haifunguliwi mpaka mwaka wa nne. Hilo linaniuma, na linaweza kuepukwa.

Hatua ya 1: Jua mwaka wa kwanza unafundisha nini

Shahada ya udaktari wa mifugo SUA ni miaka mitano. Mwanzoni unasoma mnyama mzima, yaani mwenye afya: mwili wake umejengwaje (anatomia), tishu zake zinaonekanaje kwenye darubini (histolojia), kijusi kinakuaje (embriolojia), viungo vinafanyaje kazi (fiziolojia), na kemia ya ndani ya chembe hai (biokemia). Juu yake kuna masomo ya ufugaji, takwimu na mawasiliano, ambayo kwa kawaida madesa (maelezo ya somo yaliyochapwa) ya mhadhiri yanatosha.

Magonjwa, dawa na upasuaji vinakuja baadaye. Kwa hiyo kitabu chochote chenye neno "tiba" au "dawa" kwenye jalada, hata kama kinavutia namna gani, bado si chako. Lile buku nene la magonjwa ya mifugo mikubwa la Radostits na wenzake ni kazi kubwa sana, lakini ukilifungua mwaka wa kwanza utakutana na maneno ambayo hujafundishwa. Utakapofika mwaka wa nne huenda toleo jipya litakuwa limetoka, na kwenye dawa upya wa toleo una maana. Wahitimu watarajiwa hupenda kuuza vitabu vyao kwa mafungu, kizuri kikiwa pamoja na vitatu usivyovihitaji. Usione haya kuomba kimoja tu.

Siku ya kwanza ya kila somo mhadhiri hutoa muhtasari wa kozi, na mwishoni pana orodha ya vitabu. Orodha hiyo mara nyingi ni ndefu, na baadhi ya vitabu vimo kwa sababu vimekuwamo siku zote. Muulize swali lililonyooka: "Mwalimu, picha na michoro unayotumia darasani inatoka kitabu gani?" Kitabu atakachotaja hapo kina uzito kuliko vingine vyote kwenye orodha. Na uliza wa mwaka wa pili, hasa waliofanya sapu (mtihani wa marudio) ya anatomia na kupita. Hao wanajua ni kitabu gani kiliwaokoa.

Hatua ya 2: Toa kwanza fedha za vitu visivyoazimika

Bodi ya Mikopo hutenga fedha za vitabu na viandikwa kwa wanaopata mkopo, lakini bumu, yaani fedha hiyo ya mkopo, huingia likiwa na kazi nyingi. Kabla hujagusa kitabu, weka pembeni fedha za koti jeupe la maabara, mabuti ya mpira, na seti ya kupasulia yenye kisu, mkasi na koleo. Bila hivyo huingii kwenye chumba cha anatomia, na mwenzako hawezi kukuazima koti wakati naye yumo humo humo.

Kinachobaki ndicho bajeti ya vitabu. Kitabu kipya cha anatomia chenye picha za rangi hupita laki mbili kwa urahisi, kwa hiyo uamuzi wa kimoja tu ndio utakaokula karibu fedha yote. Ndiyo maana hatua inayofuata naieleza kwa urefu.

Hatua ya 3: Vijaribu vitabu maktaba kwa mada mbili

Ukiwa SUA, nenda Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, iko hapo hapo chuoni. Chukua vitabu vitatu au vinne vya anatomia, uviweke mezani pamoja. Usianze na dibaji. Tafuta mada ile ile katika kila kitabu na uone kipi kinakufanya uelewe.

Mada ya kwanza iwe matumbo manne ya ng'ombe. Fungua sehemu ya retikulamu, lile tumbo dogo lenye ukuta kama sega la nyuki. Kitabu kizuri kitakuonyesha kwa mchoro kwamba retikulamu imekaa mbele kabisa, usawa wa ubavu wa 6 hadi wa 8, imeegemea kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, na upande wa pili wa kiwambo hicho, sentimita chache tu, upo moyo.

Kwa nini nakutaka uangalie hapo? Kwa sababu ng'ombe wanaochungwa pembezoni mwa jiji letu hula kwenye majalala. Ng'ombe hachambui chakula mdomoni. Akimeza kipande cha waya kinashuka, kinatua kwenye retikulamu, na tumbo linapojikaza waya unatoboa ukuta, unapita kwenye kiwambo na unaweza kufika kwenye mfuko wa moyo. Mfugaji atakwambia ng'ombe amekataa kula, amekunja mgongo, hataki kushuka mteremko, na baadaye amevimba shingoni na kidarini. Daktari anayeiona picha ile ya retikulamu na moyo kichwani mwake anaunganisha dalili hizo zote kwa dakika moja. Asiyeiona atachoma sindano za antibiotiki mpaka ng'ombe afe. Kwa hiyo kitabu kinachokupa sentensi mbili juu ya retikulamu, na kurasa kumi na tano juu ya kwato za farasi, kinaweza kuwa kitabu bora kwa mwanafunzi wa Uingereza. Kwa atakayerudi kufanya kazi Misungwi hakifai kuwa kitabu chake cha pekee.

Mada ya pili iwe mitoki, yaani tezi za limfu. Tafuta mchoro wa ng'ombe unaoonyesha mitoki yote ya juu ya mwili: ule wa chini ya sikio, ule wa mbele ya bega, ule wa mbele ya goti la nyuma. Kupe anayeeneza ndigana kali hupenda kujishika sikioni, na maji ya limfu kutoka sikioni hupita kwenye mtoki wa chini ya sikio. Ndiyo sababu mtoki huo huvimba mapema, kisha ule wa bega. Mfugaji wa Kisukuma anaujua uvimbe huo kwa vidole vyake tangu utotoni. Itakuwa aibu daktari aje na shahada asijue pa kushika. Machinjioni nako mkaguzi wa nyama hupasua mitoki ya koo na ya mapafu kutafuta kifua kikuu. Kitabu kisicho na ramani ya mitoki ya ng'ombe kirudishe kwenye rafu.

Baada ya kusoma mada hizo mbili katika vitabu vyote, funga vyote, chukua karatasi na ujaribu kuchora ulichokiona. Mchoro utakaotoka vizuri zaidi umetokana na kitabu kinachosema na wewe. Wenzako wanaweza kuchagua kingine, na wawe sahihi pia.

Hatua ya 4: Chagua kitabu cha anatomia

Majina utakayoyasikia ni haya. Dyce, Sack na Wensing ndicho ninachopendekeza kwa mtu wa kitabu kimoja. Kimepangwa kwa namna inayosaidia: kwanza mifumo ya mwili kwa jumla, kisha mnyama mmoja mmoja, mbwa na paka, farasi, wacheuaji, nguruwe, na mwisho ndege. Sehemu ya wacheuaji inajitegemea, kwa hiyo unaweza kuisoma yenyewe usiku wa kuamkia mtihani. Toleo la 5 la mwaka 2017 lilihaririwa na Singh, lakini la 4 au hata la 3 linafaa kabisa.

König na Liebich wamepanga kwa mifumo, wakilinganisha wanyama ndani ya kila mfumo: mfupa wa bega wa mbwa, wa ng'ombe na wa farasi kwenye ukurasa mmoja. Picha zake ni nzuri mno. Ukiona mhadhiri wako anafundisha kwa kulinganisha, hiki kinakwenda naye sambamba. Budras na wenzake wana atlasi ya ng'ombe peke yake, michoro mikubwa upande mmoja na maelezo mafupi upande wa pili. Ni msaidizi mzuri sana wa chumba cha anatomia, ila maelezo yake yamebanwa na hayatoshi kwa maswali ya insha.

Sisson na Grossman, toleo la mwaka 1975 lililohaririwa na Getty, ni majuzuu mawili mazito. Maktaba ndiko mahali pake. Litumie unapobishana na mwenzako kuhusu mshipa fulani unatokea wapi. Na Evans na de Lahunta wameandika mwongozo wa kupasua mbwa ambao vyuo vingi duniani vinautumia. Kabla hujaununua, uliza chumba cha anatomia cha chuo chako kinapasua mnyama gani. Kama ni mbuzi, mwongozo wa mbwa utakuchanganya mezani.

Hatua ya 5: Fiziolojia, kama fedha ipo

Hapa ushindani ni kati ya Cunningham na Dukes. Cunningham ni chepesi kusomeka, kila sura inaanza na mambo makuu na kuna visa vya wagonjwa na maswali ya kujipima. Dukes ni kipana na kizito zaidi, kizuri kwa mtu anayetaka kujua sababu mpaka mwisho. Kwa mwaka wa kwanza ningechukua Cunningham, na Dukes ningeisomea maktaba. Ukikutana na cha Sjaastad na wenzake kwa bei nzuri, usikiache, michoro yake inaeleweka upesi.

Jaribu navyo kwa mada moja: mzunguko wa joto la ng'ombe, yaani tangu jike anapotaka dume hadi anapomtaka tena. Vyote vitakwambia siku 21, kwa kawaida kati ya 18 na 24. Angalia kama kitabu kinaeleza homoni kwa mfuatano unaoweza kuusimulia bila kuangalia. Jambo moja uandike pembeni kwa penseli: takwimu za muda wa joto katika vitabu hivi zimetokana zaidi na ng'ombe wa maziwa wa Ulaya na Marekani. Joto la zebu wetu, ng'ombe wa asili wenye nundu, aghalabu ni fupi zaidi na mara nyingi hutokea usiku. Ukija kufanya uhimilishaji (kupandisha kwa mbegu ya chupa) vijijini ukiwa na saa za kitabu peke yake, utachelewa.

Biokemia na histolojia

Biokemia usiinunulie kitabu cha wanyama. Harper, Lippincott au Lehninger, vinavyotumiwa na wanafunzi wa udaktari wa binadamu, vinafundisha kemia ile ile. Hapa kijana wa Mwanza ana nafasi nzuri, maana chuo cha afya cha Bugando kipo mjini na wanafunzi wake wanasoma biokemia hiyo hiyo, hivyo ulizia kwao toleo la zamani la kuazima. Pengo ni moja tu: vitabu vya binadamu havielezi kwamba mcheuaji hupata sehemu kubwa ya nguvu zake kutoka kwenye asidi za mafuta tete, asetati, propionati na butireti, zinazotengenezwa na vijidudu tumboni, na kwamba glukosi yake huitengeneza mwenyewe, hasa kutokana na propionati. Sehemu hiyo isome kwenye kitabu chako cha fiziolojia.

Histolojia ni somo la rangi. Sampuli hupakwa rangi mbili, viini vya chembe vinatoka zambarau na sehemu nyingine waridi, na wewe unatakiwa utambue kwa macho. Kwa hiyo desa la histolojia la nyeusi na nyeupe ni fedha iliyotupwa. Dellmann kwa maelezo, atlasi ya Bacha kwa picha, na vyote viwili ni vya kuchangia chumba kizima.

Toleo la zamani na kitabu kilichotumika

Ubavu wa ng'ombe wa mwaka 1990 ndio ubavu wa leo, jozi 13, haujaongezeka. Anatomia ya toleo la zamani inunue bila wasiwasi. Fiziolojia na biokemia, toleo moja au mawili nyuma si tatizo.

Kabla ya kulipia kitabu kilichotumika, kishike mwenyewe. Pekua kurasa zote za picha, kwa sababu hizo ndizo huchanwa na wavivu wa kuchora. Angalia kielezo cha mwisho (faharasa) kama kipo kamili, kwani kitabu cha anatomia kisicho na kielezo kitakupotezea saa nzima kutafuta msuli mmoja. Kikunjue katikati uone kama gundi imeachia. Nusa, hasa kama kimekaa Morogoro msimu wa mvua, ukungu unahamia kwenye vitabu vingine. Chapa za India huwa za bei nafuu na maneno ni yale yale, lakini fungua kurasa za picha uhakikishe hazijachapwa bila rangi.

Kutoa kopi ya kitabu kizima sikushauri. Kurasa 800 kwa shilingi 50 kila moja ni 40,000, bado kubana, na unachopata ni picha za kijivu zisizotofautisha ateri na vena. Zaidi ya hapo, umemnyima mwandishi haki yake. Kitabu halali kilichotumika, hata kikikugharimu zaidi kidogo, kitakufaa miaka mingi.

Vya bure ambavyo wengi hawavijui

Mwongozo wa mifugo wa Merck, unaoitwa wa MSD nje ya Marekani na Kanada, upo wote mtandaoni bila malipo. Huo unatosha kukata kiu ya magonjwa mpaka ufike mwaka husika. Nomina Anatomica Veterinaria, orodha rasmi ya majina ya Kilatini ya viungo, inapakuliwa bure kutoka kwa chama cha kimataifa cha wanaanatomia wa mifugo. Wahadhiri wawili wakikutajia kiungo kimoja kwa majina mawili, amueni kwa orodha hiyo. OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice wana kitabu cha bure cha anatomia na fiziolojia ya binadamu, kizuri kwa msingi wa chembe, neva na misuli. Na umwombe mkutubi akuonyeshe namna ya kuingia Research4Life, mlango wa majarida na vitabu vya kisayansi, ambamo mna AGORA ya FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) na Hinari ya WHO (shirika la afya duniani). Mlango wake ni wa taasisi, hivyo lazima upitie chuoni.

Wale wa Ukerewe na Kome wanaoota kutibu sato wa vizimba: vitabu vya mwaka wa kwanza karibu vyote vinamruka samaki. Usinunue cha ziada sasa. Machapisho ya FAO ya ufugaji wa samaki ni ya bure, yasome likizo.

Kuchangia vitabu na wenzako

Tafuta watu watatu unaowaamini. Anatomia kila mmoja awe na chake, kwa sababu wiki ya mtihani wote mtakitaka usiku mmoja. Fiziolojia, biokemia, histolojia na embriolojia mgawane, kila mmoja anunue kimoja. Andikeni makubaliano kwenye karatasi: kitabu kinakaa kwa nani, kinarudi lini, kikipotea nani analipa, na mwisho wa mwaka kinabaki kwa nani. Urafiki mwingi wa bwenini umevunjwa na kitabu kisicho na makubaliano.

Ukiwa bado Mwanza

Fedha usitumie, lakini muda utumie. Mwombe afisa mifugo wa kata yako au daktari unayemfahamu akuonyeshe rafu yake. Kitabu ambacho bado anacho baada ya miaka kumi kazini, chenye alama za kalamu na madoa, kina ushahidi kuliko orodha yoyote. Huenda akakuazima. Omba ruhusa uingie machinjioni asubuhi moja pamoja na mkaguzi wa nyama, umwombe akuonyeshe retikulamu, kiwambo na moyo vikiwa bado vimekaa mahali pake. Utakapofungua kitabu maktaba wiki chache baadaye, utajua upesi mchoro upi unasema kweli.

Anayekwenda chuo cha mifugo cha LITA Mabuki kwa astashahada au stashahada asijibebeshe mabuku haya ya shahada. Aanze na madesa ya chuo na miongozo ya bure ya FAO kwa wahudumu wa afya ya mifugo.

Kitu cha mwisho ni kuuza. Mwaka wa kwanza ukiisha, biokemia iuze mapema, wageni wanapofika, ndipo wanunuzi wapo. Anatomia usiiuze. Utairudia kwenye upasuaji, utairudia kwenye ukaguzi wa nyama, na utairudia kituo chako cha kwanza cha kazi, ng'ombe atakapokuwa amefungwa kwenye mti na mwenye ng'ombe anakuangalia.